Walioimba Mchana Kutwa

Mwaka ule wa corona, mvua ndefu zilipokuwa zimeshika Lanet na nguo hazikauki kwenye kamba, Mama Kihara alianza kuona kwamba watoto wanaimba sana. Huwa yuko jikoni anachagua maharagwe, nyumba nzima kimya, mara wimbo wa Sunday school unalipuka kutoka chumba cha wasichana wadogo, kwa sauti ya juu, bila kuanzishwa na mtu. Ulienda ubeti mmoja au nusu, halafu ukazimika ghafla kama ulivyoanza. Naye alitabasamu ndani ya barakoa yake akaendelea na maharagwe. Alijiambia kwamba kama watoto wanaweza kuimba siku kama hizi, basi pengine kuna kitu anachofanya sawasawa.

Hata Kipsang, muuza maziwa, alikuwa ameligundua hilo. Kila asubuhi alisimamisha pikapu yake langoni na kumimina maziwa ya makao ya watoto, kisha akaongeza kopo moja juu ya kipimo. Tangu wafadhili waanze kupotea mmoja mmoja, kopo lile lilikuwa limekuwa mawili, na wakati wa kuyamimina Kipsang aliangalia kando ili mtu asipate nafasi ya kumshukuru.

"Mathe, hawa watoto wako wana raha kuliko sisi," alimwambia siku moja akisikiliza.

"Wacha tu waimbe," Mama Kihara alimjibu. "Shule hakuna, kanisa hakuna. Watafanya nini?"

Watoto waliobaki walikuwa wanane. Kabla ya hapo walikuwa wamejaa vitanda vyote. Amri ilipokuja kwamba makao yote ya watoto yapunguze idadi, na kila mtoto mwenye jamaa arudishwe kwa jamaa yake, afisa wa watoto alifika na basi dogo wakapangwa mstari langoni na mifuko yao ya nguo. Elphas, askari wa lango, alikuwa amepewa kile kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso. Alikielekeza kwa mtoto, kikalia, mtoto akapanda. Kikamlilia mwingine, naye akapanda. Wapo waliofurahi, na wapo waliomshika Mama Kihara sketi wakilia, maana shangazi waliyekuwa wakipelekwa kwake hawakumjua hata sura.

Wale wanane walitazama hayo yote wakiwa barazani. Wao ndio waliotafutiwa mtu wa kuwapokea akakosekana. Hakuna aliyewaita langoni wala kuwapima, kwa kuwa hakuna mahali walipokuwa wakienda. Na tangu siku hiyo kile chombo kilibaki kwa Elphas, kikipima waliokuja kuleta unga na gesi. Watoto walikiita bunduki.

Msimamizi wa makao alikuwa Mwalimu Mathenge, mstaafu aliyekaa Milimani, mtu wa tai na wa maneno machache. Aliwaita wafanyakazi, akawaambia wachague: kukaa ndani bila kutoka mpaka ugonjwa upoe, au kwenda nyumbani mpaka waitwe. Akina mama wengine wa nyumba walikuwa na watoto wachanga au wagonjwa wa kutunza, na hakuna aliyewalaumu. Mama Kihara alimpigia mumewe, ambaye anaziba magurudumu ya malori kule Mai Mahiu. Mzee akasema, "Kaa na hao watoto. Mimi chai najua kupika." Basi akakaa.

Lakini kwa kuwa ni yeye aliyekwenda langoni kupokea vitu vya nje, Mwalimu Mathenge alimwagiza asilale karibu na watoto wala asiwashikeshike. Zamani, kila jioni, Mama Kihara alipita kitanda hadi kitanda, akamwekea kila mmoja mkono chini ya kidevu, pale shingoni, akavuta blanketi, akaenda kwa mwingine. Hakuwahi kufikiria kwa nini anafanya hivyo. Hata mama yake alifanya hivyo. Sasa alisimama mlangoni na barakoa, akawatakia usiku mwema kutoka mbali, akaenda kulala kwenye kigodoro ofisini. Iliuma, lakini aliogopa kuwa yeye ndiye atakayewaingizia ugonjwa ndani.

Chumba cha wasichana wadogo akamwachia Samsam. Huyu alikuwa na miaka kumi na mitatu, msichana mrefu wa maneno makali, aliyeletwa hapo akiwa mdogo sana na hakuna mtu aliyewahi kuja kumuulizia. Samsam aliwaogesha wadogo, akawachana nywele, akawabebea chakula chumbani, na siku hizo akawa hataki kabisa kusaidiwa. Mama Kihara, aliyekuwa akifanya kazi ya watu wanne, alimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Alhamisi moja Mwalimu Mathenge alipiga simu asubuhi. Alikuwa ameambiwa kwenye mkutano wa wasimamizi kwamba watoto wote walio ndani wapimwe joto kila siku, na akaomba waanze mara moja. Mama Kihara alikwenda kukichukua kile kipimajoto kwa Elphas, akarudi nacho barazani, akawaita watoto wapange mstari.

Hakuna aliyekuja. Alisikia milango ikifungwa na miguu ikikimbia upande wa nyuma. Alipozunguka nyumba aliwakuta wawili wamejibana nyuma ya tangi la maji, na mwingine amepanda juu ya mti wa mapera, amekumbatia tawi na macho ameyafumba. Alifikiri ni mchezo, akawacheka. Kisha akaona yule wa mtini anatetemeka.

"Kwani mnaogopa nini? Haichomi."

Samsam akatokea mlangoni, akifuta mikono kwenye gauni, akasema kwa adabu isiyo ya kawaida yake kwamba atawapanga mwenyewe baada ya chakula, Mami asijali. Mama Kihara akauliza Natalie, mmoja wa wale wasichana wadogo, yuko wapi. Samsam akajibu yuko chooni. Alikuwa chooni jana pia, Mama Kihara akakumbuka, alipomuulizia wakati wa uji. Na juzi alikuwa anaoga.

Alitaka kusema neno, lakini sufuria jikoni ilikuwa inamwagika, akakimbia.

Alikuwa akikoroga githeri ya mahindi na maharagwe aliposikia wimbo. Mara hii haikuwa kwaya. Ilikuwa sauti moja nyembamba, ya Kimeli, mtoto wa miaka mitano, na ilikuwa inaimba maneno yaleyale mawili, ikirudia na kurudia, ikipanda kila mara kama mtu anayeita kutoka mbali. Mama Kihara aliweka mwiko chini. Alitembea polepole kwenye kolido hadi akaona mlango wa chumba cha wasichana wadogo. Kimeli alikuwa amesimama hapo peke yake, mgongo ameubandika kwenye mlango. Anaimba, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye midomo.

Na chini ya wimbo ule, nyuma ya mlango, kulikuwa na kikohozi. Kilikuwa kirefu, kikavu, hakipumziki. Kimeli alikuwa ameishiwa pumzi kwa kujaribu kukifunika.

Mama Kihara alimwinua mtoto akamweka kando, akafungua.

Natalie alikuwa sakafuni kati ya kitanda cha mwisho na ukuta, juu ya mto, amefunikwa masweta ya watu wengine. Alikuwa na miaka saba lakini pale alionekana wa minne. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, na kila alipovuta hewa ngozi iliingia ndani kati ya mbavu. Pembeni palikuwa na beseni la maji, kitambaa, kikombe cha uji uliopoa, na nusu ya chungwa lililomenywa vizuri sana.

Samsam aliingia nyuma yake mbio. Alijitupa katikati, akakunjua mikono.

"Usimpime! Mami, tafadhali, usimpime!"

"Samsam, toka hapo."

"Atapona. Leo ni afadhali. Jana usiku alikuwa moto kuliko leo. Nimekuwa nikimpima na mkono hapa shingoni, vile wewe ulikuwa unatupima."

Mama Kihara alimsogeza kando. Barakoa alikuwa ameishusha bila kujua. Alipiga magoti, akapitisha mkono chini ya kidevu cha Natalie, na joto alilolikuta pale lilimfanya avute pumzi.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Hasira ingehitaji nguvu.

"Ningekuambia, angepimwa. Akipimwa anaenda." Samsam alikuwa analia sasa, na alichukia kulia, kwa hiyo alisema kwa ukali. "Wale wote walipimwa na hiyo bunduki, ikalia, wakawekwa kwa gari. Umeona mmoja amerudi? Umesikia mmoja amepiga simu? Kwa redio wanasema ukiwa na joto unachukuliwa. Sisi wengine haikutulilia ndio tukaachwa. Na Natalie hana mtu. Angepelekwa kwa nani?"

Mama Kihara akatazama mlangoni. Wote walikuwa wamekuja. Walisimama wameshikana, wanamngoja aseme. Akaelewa kwamba walikubaliana, hata wa miaka mitano. Siku zote zile alizotabasamu akichagua maharagwe, walikuwa wakiimba kwa zamu.

Alitaka kuwaeleza kwamba wale walikwenda kwa jamaa zao na kwamba kile kidude hakichagui mtu. Lakini hakuwa amewahi kuwaambia hayo hata siku moja. Watu wazima walikuwa wamezungumza na simu, wakazungumza na afisa, wakazungumza wao kwa wao. Natalie akakohoa tena, na hakuna aliyeimba.

"Nisaidie kumfunga mgongoni," alimwambia Samsam.

Alimpigia Mwalimu Mathenge akiwa anatembea. Akapiga kwa madereva wa teksi watatu, na kila mmoja, aliposikia ni mtoto anayekohoa, akakumbuka kwamba yuko mbali. Elphas, bila kuambiwa, akampigia Kipsang. Pikapu ilifika ikiwa bado na mitungi ya maziwa nyuma. Kipsang alimtazama mtoto mgongoni, akafungua mlango wa mbele, akatandaza koti lake juu ya kiti.

"Unajua anakohoa," Mama Kihara alimwambia, maana hakutaka kumdanganya mtu.

"Nimemsikia, mathe. Ingia."

Bado kulikuwa na jambo moja. Akitoka langoni, kwa sheria ya makao, asingeruhusiwa kurudi kwa watoto mpaka akae kando majuma mawili. Na ndani hapakuwa na mtu mzima mwingine, maana Elphas alikuwa wa langoni tu. Walisimama hapo, injini inanguruma, mpaka gari dogo la Mwalimu Mathenge lilipokata kona. Alishuka na tai yake na begi dogo la kusafiria. Mkewe ana sukari, kila mtu alijua. Ndiyo sababu hakuwa amekanyaga ndani ya lango tangu ugonjwa uanze. Akiingia, na yeye hatarudi Milimani.

"Mke wangu amenipangia nguo," alisema, kana kwamba ameulizwa. "Githeri imeiva ama bado?"

"Imeiva, Mwalimu. Chumvi ndio sijaweka."

"Nitaweka." Akapita.

Elphas alikuwa amesimama na kile kipimajoto mkononi, kazi yake ikiwa kumpima kila anayepita. Aliwaona watoto barazani wanavyomtazama. Akakirudisha mfukoni, akawafungulia lango upana wote. Samsam hakupunga mkono. Alikuwa amewapa mgongo, ameshika nguzo ya baraza.

Hospitali kubwa ya mjini ilikuwa imeweka hema nje kwa wenye kikohozi. Mwanamke mmoja aliyekuwa benchini alimtazama Natalie, akainua mkoba wake, akaenda kukaa mbali kwenye jiwe, mvua ikimnyeshea. Mama Kihara hakumchukia; yule naye alikuwa na wake nyumbani. Waliulizwa maswali na mtu aliyevaa nguo za kumfunika mpaka macho. Alipofika kwenye jina la mzazi, Mama Kihara akaeleza. Yule mtu akaacha kuandika, akauliza kama kuna mwenyewe wa mtoto anayeweza kuitwa.

"Mwenyewe ni mimi," akasema. "Andika mimi."

Daktari alikuwa kijana, amechoka, na macho yake juu ya barakoa yalikuwa mekundu. Alisikiliza kifua cha Natalie mbele na nyuma, akaagiza hewa ya oksijeni iletwe haraka. Kisha akamgeukia Mama Kihara.

"Huyu mtoto amekuwa hivi siku nyingi. Ulikuwa wapi?"

Aliulizwa mbele ya watu. Angeweza kumwambia habari za watoto wanane na mikono miwili, za agizo la kutogusa, za nyimbo.

"Nilikuwa hapohapo," akajibu.

Daktari alitazama sketi yake iliyolowa, na jinsi alivyoshika mguu wa mtoto. Baadaye muuguzi alileta kiti cha plastiki, akasema daktari ameagiza mama asisimame.

Siku mbili za kwanza hazikuwa na chochote isipokuwa kuhesabu pumzi. Wakati mmoja pumzi zilikaa sana kabla ya kurudi, na wauguzi wakaja wengi kwa pamoja, wakamtoa nje, naye akasimama kwenye ukumbi ameegemea ukuta akisema jina la mtoto kwa sauti ndogo. Majibu ya kipimo yalitoka: haikuwa corona. Ilikuwa nimonia ya kawaida, ile inayotibika ikiwahiwa. Neno hilo la mwisho alilibeba kifuani kama jiwe. Siku ya tatu Natalie alifumbua macho, akatazama dari, taa, na lile bomba la hewa puani.

"Nimeshapelekwa?" aliuliza.

"Hapana. Umeletwa kutibiwa. Ukipona tunaenda nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwa akina Samsam."

"Na Samsam anajua?"

Samsam hakujua, maana hakutaka kujua. Mwalimu Mathenge alisimulia kwenye simu kila jioni, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti. Ugali wake umekataliwa na Kimeli. Ameketi na watoto wote barazani, akawaeleza ni nani alikwenda wapi na kwa nini, na akawapigia simu wale waliokwenda, mmoja mmoja, watoto wakawasikia kwa masikio yao. Wengine walikuwa salama. Mmoja alilia akaomba arudi, na Mwalimu alisema analishughulikia hilo. Jambo hilo alipaswa kulifanya tangu mwanzo, akasema. Lakini Samsam hakuja barazani. Alifanya kazi zake zote, akala kidogo, na mtu akilitaja jina la Natalie aliondoka.

"Nimpe simu?" Mwalimu aliuliza.

"Usimpe. Iweke tu mezani aisikie."

Mama Kihara alisikia simu ikiwekwa juu ya mbao, viti vikiburutwa, watoto wakiambiana wanyamaze. Akaisogeza yake kwenye mdomo wa Natalie. Mtoto alifungua mdomo kusema, lakini kikohozi kikamtangulia. Upande wa pili, sauti ndogo ya Kimeli ikaanza kuimba palepale, kwa mazoea.

"Nyamaza!" Ilikuwa sauti ya Samsam, karibu kabisa na simu. "Wacha akohoe."

Wakangoja wote. Natalie akakohoa mpaka kikaisha.

"Samsam," akasema. "Uji wa hapa hauna sukari."

Mama Kihara alisikia miguu ikiondoka, mlango ukifunguliwa. Akamuuliza Mwalimu kumetokea nini.

"Ametoka," Mwalimu alisema. "Ngoja nimfuate." Nyayo zake zikasikika kwenye kolido, kisha zikasimama. Aliposema tena alikuwa amepunguza sauti. "Mtoto akiondoka hapa, tunakunja godoro lake tunalifunga kamba. Unajua. Hili la Natalie Samsam alilifunga mwenyewe, jioni ileile mlipoondoka. Sikujua nimwambie nini, nikaliacha."

"Na sasa?"

"Sasa amekaa chini nalo. Fundo alilikaza sana. Analifungua na meno."